Barua kwa mwanangu anayetaka kupiga chapa

Mwanangu mpenzi,

Huku wote wazima, bibi yako anakuulizia kila siku. Barua yako nimeisoma, na sina la kukukataza. Kama wanakushangaa kuacha kompyuta ukajifunze kupiga chapa kwa herufi za madini ya risasi na za mbao, wasimulie habari za Amos Kennedy.

Huyu ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Louisiana. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa kampuni ya simu ya AT&T, mwenye mshahara na familia. Umri ukikaribia miaka 40 alitembelea Williamsburg, Virginia, akamkuta mpiga chapa akionyesha kazi ilivyofanywa karne ya 18. Moyo wake ukabaki pale. Baadaye aliacha ajira, akasoma Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa Walter Hamady, mwalimu na fundi wa vitabu vya kuchapwa kwa mkono, akapata shahada ya uzamili mwaka 1997. Akafundisha chuo Indiana, akaacha na hiyo pia. Akahamia Alabama mashambani, kisha Detroit.

Kazi zake nazipenda mno. Ni mabango ya kadibodi nyembamba yenye herufi kubwa za mbao, rangi imepigwa juu ya rangi mpaka maneno ya chini yanachungulia kati ya maneno ya juu. Kuna methali za Kiafrika, kuna maneno ya Rosa Parks, mpigania haki za weusi Marekani. Na huyauza kwa bei ndogo, ili mtu wa kawaida naye atundike ukutani kwake. Hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote. Wengi wenye ujuzi huu huchapa nakala chache za kuwauzia matajiri. Yeye huchapa nyingi, zitawanyike.

Mimi niliyepanga herufi ujanani nakuambia, kazi inachosha. Unasimama kutwa. Herufi unazisoma kichwa chini, u na n zinakupotosha, na kila rangi inataka kupita mashineni peke yake, ikauke kwanza. Ukimaliza unarudisha kila herufi kwenye kisanduku chake. Mafundi wengi huona kurudisha ni adhabu, lakini hapo ndipo mkono unapojifunza mahali pa kila kitu, kwa hiyo uombe kazi hiyo mwezi wako wa kwanza.

Kodi ya pango ya mwanzo mimi na mama yako tutakusaidia. Niandikie ukishapata karakana, unieleze mashine yao ni ya aina gani.

Baba yako