Kifungu cha 130 kinamwacha mke peke yake

Mhariri,

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na mbakaji akawekewa kifungo kisichopungua miaka 30. Tulishukuru. Lakini kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinakubali kwamba mke amebakwa na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana. Anayeishi naye nyumba moja hana pa kushika.

Nilimsindikiza jirani yangu kituoni, uso umevimba. Kipigo kiliandikwa kwenye PF3, fomu ya polisi ya kupeleka majeruhi hospitali. Kilichotangulia kipigo, ambacho ndicho kilichomliza, hakikuandikwa. Jioni akarudi kwa mume yuleyule, maana watoto wako kule.

Wabunge wetu wa Kilimanjaro, pelekeni hoja maneno ya kifungu hicho kuhusu kutengana yafutwe.

Mama mkazi wa Majengo,
Moshi