Barua kwa mwanangu: ulikaa dari ya nani?

Wete, Pemba

Mwanangu Mwanaisha,

Assalaam aleykum. Picha yako imefika ndani ya daftari, haikukunjika. Umeandika nyuma, "Ni kijipicha tu, Baba, usicheke." Sikucheka. Nimeitazama mpaka mama yako akaniuliza kama ni hati ya shamba.

Wanaowauzia wageni huchora milango ya njumu na bahari ya buluu. Wewe umechora mabati ya Mji Mkongwe jinsi yalivyo, yamepandana, jengine limewekewa jiwe lisipeperuke, na matangi ya maji, na nguo za watu kambani. Kutu umeitia kwa ubavu wa kalamu ya risasi ukaifikicha kwa kidole, alama yake naiona. Pale ulipokuwa mnara wa jumba la Beit al-Ajaib umepaacha peupe. Mwengine angeusimamisha tena. Bahari umeipandisha mno, lakini hilo dogo.

Sasa niambie, ulikaa wapi? Minara Miwili ya kanisa imesogeleana, mmoja unataka kumficha mwenzake. Kwa mama yako mdogo haionekani hivyo. Mimi nimebeba chokaa mitaa hiyo ujana wangu wote, na dari inayoonesha hivyo ni moja tu, ya ile nyumba tupu ya nyuma, yenye ufa. Usijaribu kunificha, picha imeshasema.

Kuta zile nazijua. Ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na juu boriti za mikoko. Chokaa huacha ukuta upumue. Watu wakaja wakapiga plasta ya saruji, maji yakiingia hayatoki, ukuta ukaoza ndani na nje unang'ara. Boriti nayo huoza kichwani, pale ilipoingia ukutani, na hiyo hata fundi hukosa kuiona. Beit al-Ajaib ilisimama tangu 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 ikaporomoka upande mmoja, matengenezo yakiwa yanaendelea, watu wawili wakafa. Hiyo ilikuwa na mafundi wa kuiangalia. Nyumba yako hiyo ina nani?

Na masika ndiyo haya. Usipande tena. Kaa Forodhani uchore Ngome Kongwe, hapana atakayekuzuia. Najua kwa chini hutayaona mabati, na mabati ndiyo picha yenyewe. Usipande, Mwanaisha.

Hesabu umeshuka, nimeambiwa. Hilo tutalizungumza ukija.

Paa la jikoni linavuja, nimeagiza makuti, fundi ananizungusha. Mama yako anataka picha itiwe fremu iwekwe ukumbini. Nimemwambia isubiri mpaka unijibu dari ya nani. Kishaitoa daftarini, sijui kaiweka wapi.

Kikapu kinakuja na boti ya Jumatano. Samli ni ya mama yako mdogo, usiiguse. Muhogo uanze kuliwa huo, hautafika Ijumaa.

Baba yako