Nyanya za njano zina asidi, tafadhali sahihisheni

Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile makala fupi ya nyanya za njano kwenye ukurasa wenu wa bustani. Kwanza nimefurahi sana mmezigusa, maana watu wengi wana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na hawajawahi hata kuzifikiria, kwao nyanya ni nyekundu basi. Ila kuna sentensi moja pale haiwezi kuachwa hivi hivi, mmeandika nyanya za njano hazina asidi, kwa hiyo mtu anaweza kuzisindika kwenye chupa bila kuongeza chochote na mwenye kiungulia azile tu bila wasiwasi. Hapana jamani. Hiyo habari inazunguka miaka nenda miaka rudi na si kweli.

Asidi ya nyanya haitokani na rangi. Kuna za njano kali na kuna nyekundu laini, inategemea aina na imeiva kiasi gani. Kinachotokea ni kwamba baadhi ya za njano zina sukari nzuri au harufu tofauti, sasa ulimi unapata utamu mbele na ule uchachu unajificha, mtu anasema aah hii haina asidi, kumbe ipo pale pale. Na hili si jambo la ladha tu. Ukisindika chakula kwenye chupa na kuziba, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) inatakiwa iwe 4.6 au chini, ikizidi hapo bakteria wa botulizimu wanaweza kukua mle ndani kusiko na hewa na kutoa sumu, na sumu yenyewe mara nyingi huioni wala huisikii harufu. Nyanya zinacheza karibu kabisa na huo mpaka, nyingine zinauvuka, rangi yoyote ile. Ndio maana maelekezo ya usindikaji yanataka uweke maji ya limau ya chupa, vijiko viwili vya mezani kwa chupa ya karibu lita moja, kimoja kwa ya nusu lita, alafu bado unachemsha chupa kwa muda wote ulioandikwa. Nasema limau ya chupa kwa sababu uchachu wake umepimwa, limau la mtini halitabiriki. Na mtu wa kiungulia asikilize tumbo lake, asisikilize rangi.

Sasa rangi yenyewe inatoka wapi, maana nayo mmeipita haraka. Nyanya nyekundu ni nyekundu kwa sababu ya laikopeni, ile rangi asilia nyekundu ya tunda. Kwenye ile ya njano ya kweli kuna jeni moja haifanyi kazi, ile ya kuanzisha utengenezaji wa laikopeni na ndugu zake kwenye tunda, kwa hiyo nyama inabaki njano mpauko na ganda linaongeza njano yake. Hii maana yake pia mkisema za njano "zina virutubisho zaidi" mnapotosha, laikopeni ni kidogo sana na hata beta karotini ni kidogo kuliko kwenye nyekundu, ila vitamini C ipo. Za rangi ya chungwa ni habari nyingine kabisa, zile zina karotini zake, msizichanganye kwenye picha moja kama mlivyofanya.

Na si kitu kipya kilichotoka maabara. Tabibu wa Italia Pietro Andrea Mattioli alipoieleza nyanya kwenye kitabu chake mwaka 1544 alisema ikiiva inakuwa na rangi ya dhahabu. Huko Marekani mzalishaji wa mbegu Alexander Livingston wa Ohio alitoa aina ya njano iitwayo Golden Queen mwaka 1882, na mpaka leo mbegu zake bado watu wanazitunza.

Kitu ambacho makala ingewasaidia sana wanaoanza ni kujua imeiva lini, na hapa ndio wengi wanapotezea nyanya zao. Nyekundu nayo inapita kwenye njano kabla haijafika, kwa hiyo mtu amezoea kuona njano kama "bado", anasubiri, anasubiri, tunda linapasuka au linakuwa ungaunga mdomoni. Mi naangalia kitako chake kwanza, kule chini ndiko kunakotangulia, ile njano ya limao inayoelekea kijani ikishageuka ya dhahabu na ukibonyeza kwa kidole gumba inarudi taratibu, unainua tunda juu kidogo na linakatikia lenyewe kwenye kile kifundo cha kikonyo. Likigoma kukatika liache. Na kuna wale wana nyanya nyekundu zenye mabega ya njano magumu wanadhani wamepata aina mpya, hapana, hiyo mara nyingi ni joto, likipita nyuzi 30 laikopeni inatengenezwa kwa shida, au potasiamu imepungua udongoni. Ya njano ya kweli ukiikata ni njano mpaka ndani na mabega ni laini.

Upandaji hauna tofauti na nyanya nyingine. Miche unaihamisha ukiifukia shina kwa kina maana shina la nyanya linatoa mizizi, jua masaa 6 au zaidi, unaweka matandazo na kumwagilia kwa mpangilio, maana ukikausha alafu ukamwaga maji mengi kwa mpigo unapata kuoza kitako na mipasuko. Bakajani, ule ugonjwa wa majani, na kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, haviangalii rangi. Kuhusu aina, kwa maoni yangu msiwaanzishie watu na Yellow Pear kwa sababu tu ni nzuri kwenye picha, inarefuka kupita kiasi, inazaa mno ila ladha ni ya maji maji. Mwenye ndoo au nafasi ndogo apande Taxi, ni fupi, inawahi na haisumbui kupogolea, na anayetaka tunda kubwa lenye ladha ya kueleweka apande Lemon Boy, ila hiyo ni chotara hivyo mbegu zake usitegemee zitatoa kitu kile kile.

Kwa mbegu za asili ndio raha ilipo. Unakamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, unaacha ichache siku mbili tatu mpaka juu kuwe na utando, harufu itakuwa mbaya lakini ndio kazi inafanyika, unaosha, zinazozama ndio nzuri, unakausha kivulini. Njano ni tabia inayofichika, yaani mmea ukizaa njano ujue umepata jeni hiyo kwa baba na kwa mama, kwa hiyo mbegu zake zikitoa mmea wa nyanya nyekundu na una uhakika hukuchanganya pakiti, basi nyuki alileta chavua ya jirani. Usiung'oe huo mmea, ule nyanya zake, na ukipanda mbegu zake karibu robo ya miche itarudi kuzaa njano. Mtoto wa shule anaweza kufanya hilo nyumbani na akaelewa urithi wa jeni vizuri kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Ombi langu mhariri, ukurasa wa bustani uzipe nyanya hizi nafasi ya kutosha, na mkiweka picha andikeni jina la aina pembeni na kama ni chotara au ni ya asili, maana msomaji hawezi kwenda kutafuta "ya njano kama ya gazetini". Ila marekebisho ya chupa yatoke kwanza, toleo lijalo kama inawezekana, tena pale pale ilipotoka makala na kwa maandishi ya kuonekana. Hayo mengine yanaweza kusubiri, mtu anayesindika wiki hii hawezi.

Msomaji wenu,
Mkulima wa bustani ya nyumbani