Mahindi makavu hayalipi

Mhariri,

Msimu wa kuvuna ukifika huku Trans Nzoia, redio na baraza za chifu hujaa wito mmoja: mkulima akaushe mahindi vizuri ili kuvu isiingie. Wito huo ni wa kweli. Ila nimechoka kuusikia ukitolewa kana kwamba tatizo ni ujinga wetu. Hakuna mkulima wa hapa asiyejua kwamba mahindi yakiwekwa na maji huoza. Jambo lisilotajwa kwenye baraza hizo ni kwamba anayekausha anajipunja mwenyewe.

Hesabu yake ni hii. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, ukilianika mpaka lifikie asilimia 13.5 ambayo bodi ya nafaka, NCPB, inataka, linabaki kilo 83 na kidogo. Karibu kilo saba zimepaa na jua. Kwa bei ya shilingi 4,000 kwa gunia, ile iliyotangazwa na serikali mwaka 2023, hizo ni shilingi 300 hivi. Mwenye magunia 100 anapoteza zaidi ya magunia saba, na hapo hajalipa vibarua wa kuanika na kuanua, hajanunua turubai, hajamlipa wa kulinda usiku. Halafu anakuja broka na lori lake hadi shambani. Hapimi unyevu. Anatia mkono guniani, anauma punje moja, anatema, anataja bei. Bei hiyo ni moja kwa mahindi yaliyopukuchuliwa jana yakiwa bado na maji na kwa yale yaliyoanikwa mpaka yakalia kama kokoto. Mwenye akili atauza lipi, la kilo 90 au la kilo 83?

Mbaya zaidi, mavuno yetu huangukia Oktoba hadi Desemba, wakati mvua za vuli hazijatuacha. Tunakata mabua na kuyasimamisha kwa mafungu shambani, tunaomba jua. Ukipita barabara za huku miezi hiyo utaona mahindi yamemwagwa kandokando ya lami, magari yakiyapuliza vumbi. Tangu 2023 serikali imeleta mashine za kukausha za kuhamishwa, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Lakini mashine hiyo inapunguza jasho tu. Zile kilo saba zinapotea vilevile.

Watu husema aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu, ni shida ya Ukambani, sisi wa nyanda za baridi haituhusu. Kuna ukweli nusu. Aspergillus flavus, kuvu inayotoa aflatoksini, hupenda joto, na hushika mahindi hasa yaliyopigwa na ukame yakiwa bado shambani. Baridi yetu na mvua vinapendwa zaidi na fusariamu, ile inayofanya punje za suke ziote ukungu mweupe au wa waridi, nayo ina sumu yake iitwayo fumonisini. Hata hivyo mahindi yetu hayakai Kitale. Yanapandishwa kwenye lori yakiwa na maji, yanateremshwa kwenye stoo yenye joto mamia ya kilomita kutoka hapa, na huko ile kuvu ya aflatoksini inaanza kazi.

Kuna pia kinga ya shambani iitwayo Aflasafe KE01, inayotengenezwa kwenye kituo cha Katumani, Machakos, cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu ya jamii ileile ya Aspergillus flavus lakini isiyotoa sumu. Unamwaga kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, nayo inawahi nafasi ambayo ingechukuliwa na ile mbaya. Kazi nzuri kabisa, na ningependa kuona dukani kwetu ikiuzwa kama mbolea. Lakini haimzuii fusariamu, wala haikaushi gunia.

Tuliokuwa watu wazima mwaka 2004 hatujasahau Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Watu 317 waliugua, 125 wakafa, ini likiwa limeharibiwa na aflatoksini iliyokuwa kwenye ugali wa nyumbani kwao. Mahindi yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu. Wachunguzi walipochukua sampuli masokoni, zaidi ya nusu zilipatikana zimezidi kiwango cha sumu kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni. Yaani sumu haikuwa imebaki kwenye ghala la mtu maskini asiyejua kuanika. Ilikuwa imeshafika sokoni, imeshanunuliwa na kuuzwa, na hakuna aliyeipima njiani. Na sumu hii ikishaingia, jua haliitoi, wala sufuria.

Leo kiwango ni 10 kwa bilioni, na wenye viwanda vikubwa vya unga hupima langoni. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, maana lori likikataliwa langoni, shehena yake huenda wapi? Haichomwi. Inatafuta mashine ndogo ya kusaga mtaani, ambako hakuna kipimo, au inauzwa kuwa chakula cha kuku na ng'ombe. Ng'ombe akila pumba yenye aflatoksini, sumu hiyo anaitoa kwenye maziwa, nayo inarudi kwenye kikombe cha mtoto. Na sisi wakulima tusijifanye watakatifu: mahindi yaliyooza tunayochambua tunajua kwenye ndoo za nani yanaishia. Mtu akinywa busaa hajui imetengenezwa kwa mahindi gani.

Machi 2021 Kenya ilifunga mpaka kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hizi, kisha baada ya siku chache ikaufungua kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti kinachoonyesha iko chini ya 10 kwa bilioni. Sina ugomvi na masharti hayo. Nauliza tu kwa nini gunia kutoka Mbale lidaiwe cheti, na gunia kutoka Kwanza au Endebess, hapa hapa Trans Nzoia, lipite bila hata kupimwa unyevu.

Ninachoomba si semina nyingine. Serikali ya kaunti iweke kipima unyevu katika kila kituo cha kukusanyia mahindi wakati wa mavuno, kando ya mizani, na iwe marufuku kununua bila vyote viwili. Bei itajwe kwa kilo ya mahindi makavu. Mwenye mahindi ya maji akatwe uzito wa maji yake, hapo hapo, mbele yake. Broka atalalamika kwamba anacheleweshwa, ingawa kipimo chenyewe ni cha dakika moja. Sheria ya stakabadhi ghalani ya mwaka 2019, ile ya mkulima kupewa hati ya nafaka aliyoiweka ghalani, tayari inataka nafaka ipimwe ubora kabla ya kupokelewa ghalani, kwa hiyo hakuna jipya ninalobuni. Kilichobaki ni kuishusha hadi kwa mwenye magunia matano, ambaye hana shehena ya kupeleka ghala lolote na ndiye broka anayemkuta mlangoni.

Kwa mahindi ya kula nyumbani hatuhitaji kungoja kaunti. Tia chumvi iliyokauka vizuri kwenye chupa iliyokauka, ongeza punje, tikisa, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, yako tayari kwa mifuko isiyopitisha hewa.

Na lori likikataliwa kwa sumu, namba yake ya usajili na uzito wa shehena viandikwe na kupelekwa siku hiyo hiyo kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, azuie shehena hiyo kabla haijapata mnunuzi mwingine.

Mkulima wa mahindi,
Trans Nzoia