Margarita ya embe ikitoka chapwa, tazama ndimu kwanza

Picha hutufikia zaidi Jumapili jioni. Glasi imepambwa kwa kipande cha embe, chumvi imeuzunguka mdomo wake, na ndani kuna kinywaji kilichogawanyika: juu povu na chembe za barafu, chini maji ya njano yaliyopauka. Kisha swali: "Nimefuata vipimo vyote, mbona inanyweka kama juisi iliyozidi maji?" Kazi yetu ni kuhudumia vinywaji kwenye sherehe na kuwafundisha wateja kuvitengeneza wenyewe. Swali hili tumelijibu kwa mtu mmoja mmoja hadi tumechoka kurudia, basi jibu lake tumeliweka hapa.

Anayeuliza hivyo kwa kawaida ameshaihukumu tekila, kileo kikali cha Mexico kilicho msingi wa margarita. Safari ya pili hununua chupa ghali zaidi, na picha anayotuma haina tofauti na ya kwanza.

Anza na margarita isiyo na tunda. Kipimo cha IBA, chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, ni mililita 50 za tekila, 20 za triple sec (kileo kitamu chenye ladha ya maganda ya chungwa, Cointreau ikiwa mojawapo) na 15 za maji ya ndimu. Utamu unatoka kwenye hizo 20, uchachu kwenye hizo 15, na vinatoshana. Maji pekee yanayoongezeka ni ya barafu inayoyeyuka wakati wa kutikisa.

Sasa tia gramu 100 za embe bivu. Umeongeza takriban gramu 83 za maji na gramu 14 hivi za sukari, lakini asidi umeongeza kidogo sana. Ndimu yako bado ni mililita 15, na sasa inabeba mzigo wa watu wawili. Ukisagia na barafu juu yake, maji yanazidi maradufu. Tekila haina la kufanya hapo.

Kwa hiyo tunda tamu likiingia, ndimu ipande nalo. Kwa embe tunafika mililita 25 kwa glasi moja, na kwa papai hata 30, maana papai halina uchachu wowote wa kujitetea. Ndimu iwe ya kukamua siku hiyohiyo. Ile ya chupa ina uchungu wa ajabu unaobaki kooni, nasi hatuigusi.

La pili ni barafu: usiitie kabisa kwenye blenda. Kata embe vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vitandaze kwenye sinia visigusane, uviache kwenye friza usiku kucha. Barafu ikiyeyuka huwa maji, ila embe lililoganda likiyeyuka hubaki embe.

Kwa glasi mbili: gramu 300 za embe lililoganda, mililita 100 za tekila, 40 za triple sec, 50 za ndimu, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Vitu vya majimaji vitangulie chini, karibu na visu, embe lifuate. Saga kwa kukatakata kwanza, kisha mfululizo, mpaka ilainike kama aiskrimu inayoanza kulegea. Onja kabla hujafikiria sukari. Embe likiwa limeiva vizuri hutahitaji, na likiwa limepooza, kijiko kimoja cha shira kinatosha. Kumbuka baridi huficha utamu, kwa hiyo embe ulilolionja likiwa na joto la kawaida litaonekana limepungua utamu kwenye glasi. Usikimbilie sukari kwa sababu hiyo peke yake.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kuongeza tekila. Unaweza, lakini haitasimama. Kileo cha asilimia 40 hakigandi kwenye friza ya nyumbani, ile ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na kila unapokizidisha kinalegeza mchanganyiko mzima. Anayetaka makali zaidi anywe ile ya kutikiswa na barafu, isiyosagwa.

Na kama yako inatoka tofauti kila mara, usione aibu. Mariano Martinez alikuwa na mgahawa Dallas, Marekani, na wateja wake walilalamika hivyohivyo: margarita ya kusagwa leo tamu, kesho ovyo, na wahudumu wameshachoka na blenda. Mwaka 1971 alichukua mashine ya aiskrimu laini akaigeuza iwe ya margarita. Mashine hiyo sasa imehifadhiwa na jumba la makumbusho ya historia la Smithsonian. Wewe huhitaji mashine, unahitaji mizani ya jikoni. Neno "embe moja" halina maana yoyote, kwa kuwa kuna embe la gramu 150 na kuna la gramu 600.

Matunda mengine hayafuati sheria ya embe. Pasheni ni kinyume chake: lenyewe ni chachu kupita kiasi, kwa hiyo hapa ndimu hushuka na shira hupanda. Tunatumia tekila 50, triple sec 20, maji ya pasheni yaliyochujwa 30, ndimu 10 na shira 20, tunatikisa na barafu kwa nguvu, tunachuja juu ya barafu mpya. Usiisage na mbegu zake, zikivunjika zinaacha chengachenga zinazokwaruza ulimi. Nanasi liko katikati, na lina zawadi yake: juisi mbichi ya nanasi ikitikiswa sana hutoa povu zito, jeupe, la kupendeza, ambalo la kopo halikaribii. Mapera yanahitaji chujio na subira. Ukwaju hauji akilini haraka, lakini Mexico margarita ya ukwaju ni jambo la kawaida, na mimi binafsi naiweka juu ya ya embe. Loweka, pekecha, chuja, halafu uifanyie kama pasheni.

Ile ya kutikiswa haihitaji chombo maalumu. Chupa ya kioo ya mdomo mpana yenye mfuniko unaobana inatosha. Tikisa sekunde 12 hadi 15, mpaka mikono iwashe kwa baridi.

Tekila yenyewe, kwa kifupi: tafuta lebo iliyoandikwa "100% agave". Isipoandikwa hivyo, sheria ya Mexico inaruhusu karibu nusu ya sukari iliyochachushwa itoke kwenye vitu vingine, kama miwa. Agave ya buluu inayotumika ni ndugu wa mkonge, na ladha yake ya majani mabichi ndiyo inayoelewana na matunda. Chukua blanco, isiyokaa kwenye mapipa. Añejo iliyokaa mwaka mzima na zaidi usiimwagie embe, ni hasara tu.

Chumvi ipakwe nje ya mdomo wa glasi, nusu mduara, ili mnywaji achague. Pitisha kipande cha ndimu kwa nje, kisha viringisha kwenye chumvi ya chenga. Ya unga laini inashika kama chokaa. Kwa embe na nanasi changanya na pilipili kavu iliyosagwa, mtindo wa Mexico, ambako matunda yenyewe huliwa na chumvi, pilipili na ndimu. Sukari kwenye mdomo wa glasi ya embe? Wateja wanaiomba, tunawawekea, lakini hatuipendi.

Tahadhari moja ambayo watu huishangaa: ukikamua ndimu nyingi, nawa mikono kwa sabuni kabla hujatoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi huacha madoa na hata malengelenge kama ya kuungua, na hujitokeza baada ya siku moja au mbili, wakati umeshasahau ndimu.

Kwa wageni wengi usisage glasi moja moja. Changanya jagi la ile ya kutikiswa mapema, ongeza maji baridi kama moja ya tano ya ujazo badala ya yale ambayo yangetoka kwenye barafu, weka kwenye friji, na barafu iingie kwenye glasi tu wakati wa kumimina. Kuijaza barafu kwenye jagi saa mbili kabla ya wageni ndiko kunakozaa zile picha za Jumapili.

Wasiokunywa pombe watengenezewe yao, si ya wengine iliyopunguzwa. Bila kileo mchanganyiko huganda kama jiwe, hivyo kwa gramu 200 za embe lililoganda tia mililita 150 za maji baridi, ndimu 40, juisi ya chungwa kidogo na chumvi. Majagi yaandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu kwa macho huwezi kuyatofautisha, na watoto hawasubiri kuuliza.

Ukituagiza kwa sherehe, tuambie mambo matatu: tunda gani limeiva kwenu wiki hiyo, wageni wangapi hawanywi pombe, na friza yako ina nafasi kiasi gani. La mwisho ndilo linaloamua kama tutasaga au tutatikisa.