Vijana wa Usukumani, bibi aliyetajwa kwenye ramli ni wa kulindwa

Vijana wangu wa Shinyanga, Simiyu, Geita na Mwanza,

Nawaandikia juu ya ramli chonganishi, ile ya mganga kumtaja ndugu au jirani kuwa mchawi, na juu ya bibi zetu wanaokatwa mapanga usiku kwa sababu tu kuna mtu kawataja.

Macho mekundu kwanza, maana ndiyo mnayoyaita dalili ya uchawi. Miti ilipokwisha huku kwetu, akina mama walipikia mabua, miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwanamke aliyevuta moshi huo tangu usichana, macho yake yatakuwaje meupe?

Sasa ramli yenyewe. Mtoto amefariki kwa homa, wazazi wanakwenda kwa mganga, naye anaanza kwa kuuliza mmegombana na nani. Jiulizeni: amewahi hata siku moja kusema kwamba hapa hakuna mchawi, mtoto alikuwa na malaria? Kama kila msiba jibu ni jirani au shangazi, hajaona kitu. Kasikiliza ugomvi wenu, akawarudishia kwa malipo. Tena angalieni shamba la mjane linachukuliwa na nani akishazikwa.

Najua mtaniuliza: je, kama kweli ni mchawi? Hata hivyo, hamna ruhusa. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi, na ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Haki hiyo haichagui upande. Mwaka 1976, katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi, watuhumiwa walikamatwa Mwanza na Shinyanga, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumtesa mtu kwa mkono wake, lakini mwaka 1977 aliwajibika akajiuzulu. Hao walikuwa wanatuhumiwa kuua, na bado kuteswa kwao kulikuwa dhambi ya taifa. Bibi yenu hata kushtakiwa hajashtakiwa!

Kwa hiyo, kama kuna bibi ametajwa kijijini kwenu, leo hii nendeni wawili watatu mkalale uani kwake. Kukicha, mmoja afike kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi, ataje jina la mpiga ramli. Na mtoto akichemka mwili, zahanati kwanza.

Ni mimi, mzee wenu.