Chad alipandishwa farasi, lakini kiti alikiacha mwenyewe

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika kwamba askofu wa kweli hutembea kwa miguu, akamleta Mtakatifu Chad wa Uingereza kuwa shahidi. Nilifurahi kulikuta jina hilo gazetini, ila kisa alikikatia katikati.

Ni kweli Chad alikuwa mtu wa miguu, kama askofu Aidan aliyemfundisha kwenye monasteri ya Lindisfarne. Lakini mwaka 669 alipopewa dayosisi ya Mercia, ufalme wa katikati ya Uingereza, akakaa mjini Lichfield, eneo lilikuwa kubwa mno. Theodore, Askofu Mkuu wa Canterbury na mkuu wa maaskofu wa Uingereza, akamwamuru apande farasi. Chad akasita. Basi Theodore akamnyanyua kwa mikono yake mwenyewe, akamkalisha juu ya farasi. Mimi ni msomaji wa kanisa hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa 19 sasa, na makanisa yangu madogo ni matatu. Waumini waliponichangia baiskeli niliona haya kuipokea, hadi mzee mmoja akaniambia: "Mwalimu, panda. Wagonjwa wanakungoja." Kwa hiyo farasi wa Chad hanipi shida.

Kinachonichoma ni kiti, yaani cheo cha uaskofu. Kabla ya Lichfield, Chad alikuwa amewekwa askofu wa York. Theodore alipofika kutoka Roma, alimwambia kwamba kuwekwa kwake kulikuwa na kasoro. Mtawa Bede, mwandishi wa historia ya kanisa la Uingereza, ameandika jibu la Chad: hakuwahi kujiona anastahili, alikubali kwa utii tu, na yuko radhi kuacha. Akaacha kweli, akarudi monasterini Lastingham, York ikaenda kwa Wilfrid. Theodore aliuona unyenyekevu huo, na Mercia ilipohitaji askofu akamkumbuka. Tena Theodore mwenyewe alipata kiti cha Canterbury baada ya Hadrian, mkuu wa monasteri moja, kuombwa na Papa akikalie, naye akakataa. Hadrian huyo alikuwa Mwafrika! Vijana wangu wa kipaimara hawajawahi kuambiwa hilo.

Mimi nimeona mlango wa kanisa umetiwa kufuli mbili, kila kundi na yake, kwa sababu ya kiti kidogo sana kuliko cha York. Jumapili tano tulisali chini ya mwembe, na watoto wakiuliza kwa nini.

Chad alikufa kwa tauni tarehe 2 Machi 672. Habari zake nimeziandika kwa Kiswahili kwenye daftari, na tarehe hiyo nitawasomea vijana. Ukiwa na nafasi, Mhariri, nitakuletea nakala.

Msomaji wa kanisa,
Busia, Uganda